Hatua Tatu Gatini

Mtaa wa Dengfeng, mjini Guangzhou, China, ulifurika watu na mvua. Nahla, mgeni kutoka Unguja katika safari yake ya kwanza ya biashara, baibui limelowa hadi magotini, alikuwa akibishana na muuza simu.

"Laoban, bosi, ghali mno!"

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "bosi huyu hapunguzi ukiwa umesimama. Ondoka. Hatua ya tatu atakuita."

Akageuka. Kijana mrefu, begi la chuo begani, mwavuli umevunjika mbavu.

"Asiponiita?"

"Nitakuita mimi."

Muuzaji alimwita hatua ya pili.

Kijana huyo, Gharib, alikuwa akisomea uhandisi wa maji. Tangu siku hiyo, kila Jumapili walikodi boti kwenye mfereji wa Liwan, wakabishania pa kufunga kamba. Yeye alipenda chini ya daraja la mawe, penye kivuli na ukimya. Nahla alipenda gati la baa ya Mama Chen, lenye taa nyekundu. Hapo waliagiza chai ya maua katikati ya wanywa bia.

"Baba akituona baani!"

"Mwambie tunapima kina cha maji, laazizi."

Jumapili ya mwisho mvua haikukatika. Kesho yake viza ya Nahla ingekwisha. Chai ilipoa mbele yao.

"Kaka Abass kapiga simu. Abdulsamad kaleta posa. Wanangoja jibu langu."

"Utawajibuje?"

Nahla alitaka kusikia neno moja tu: usiende.

"N'takubali," akasema, akainuka, akatoka gatini. Hatua moja. Mbili. Ya tatu akasimama, viatu vikijaa maji. Nyuma yake baa ilikuwa ikicheka. Hakuna aliyemwita.

Siku ya pili simu yake ililia uwanja wa ndege wa Baiyun, mizigo imeshapita.

"Nahla. Hongera."

"Hongera ya nini? Mbona hukun'ita?"

"Ulisema unakubali."

"Nilihesabu hatua tatu, Gharib! Nikasimama mvuani kama mjinga, nakungoja!"

"Ule ulikuwa ujanja wa sokoni. Sikujua unaniuliza mimi bei." Kisha, polepole: "Umeshawajibu?"

"Usiku uleule. Fatiha ya posa imesomwa asubuhi."

Ilisikika mvua tu simuni, ikigonga mwavuli wa Gharib.

"Niite sasa," Nahla akanong'ona.

"Nahla."

"Tena."

"Nahla, rudi."

Foleni ya kupanda ndege ikasogea, naye akasogea nayo, simu sikioni. Hatua moja. Mbili. Ya tatu, iliyomwingiza ndegeni, hakuihesabu.