Hamu Haitoi Choo Cheusi

Huku kwetu kando ya mto Vardar, Septemba ikifika, kila ua unanukia pilipili hoho za kuchoma. Mke wangu Spasa huwasha jiko la bati kabla sijaamka. Anachoma, anamenya, anasaga, anapika ajvari, ile rojo nzito ya pilipili, mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Chupa nzuri kuliko zote anazitenga. Ole wangu nikizigusa. Ni za Rumena.

Rumena ni binti yetu wa pekee. Yuko Ujerumani, anatunza wazee wa watu. Wazee wake wanajitunza wenyewe. Nasema hivyo kwa uchungu, sifichi. Mwaka juzi hakuja. Mwaka jana aliahidi kwamba msimu wa pilipili hautampita.

Tangu alipokosa kuja, Spasa alikuwa na moto chini ya kifua. Ulikuwa unamkamata akiwa na njaa, unamwamsha akiwa amelala.

"Nenda kliniki," nikamwambia.

"Nikaseme nini? Naumwa mtoto wangu?" alijibu. "Hii ni hamu, baba Rumena. Hamu inachoma. Wewe moyo wako wa gogo, utajuaje?"

Akafanya alivyofanya mama yake. Darini tulikuwa tunatundika vichwa vikavu vya mpopi, ule mmea unaotoa afyuni. Mbegu zake tulikuwa tunatia kwenye mikate. Spasa alivichemsha vile vichwa, akanywa maji yake machungu. Maumivu yakalala. Akaanza tena kuimba jikoni, nami nikafurahi kumsikia.

Kikombe kimoja kikawa viwili, kisha vitatu. Akawa hapati choo siku nyingi. Chakula kikawa kinakaa tumboni kama jiwe, mara nyingine anakitapika. Uso ukapauka. Lakini maumivu hayakuwepo, kwa hiyo alisema amepona.

Wiki ile Rumena alipokuwa anangojwa, jirani yetu Fanija alikuja kutusaidia kumenya. Fanija ni muuguzi wa kliniki ya kijiji. Spasa aliinuka kugeuza pilipili, akayumba, akakaa juu ya gunia.

Fanija akamshika mkono. "Mama Spasa, una jasho la baridi. Mapigo yanakwenda mbio. Choo chako kikoje?"

"We mtoto, uniulize hayo mbele ya mume wangu?"

"Amekuvumilia tangu ujana, hatakimbia leo. Kikoje?"

Spasa akainamisha kichwa. "Cheusi. Kama lami, kinanata. Nadhani ni haya maganda yaliyoungua, maana naonjaonja."

Fanija akaweka kisu chini. "Siyo maganda. Ni damu. Damu ikitoka tumboni, ikifika chini huwa nyeusi. Nadhani una kidonda tumboni, nacho kinavuja."

"Ni hamu tu, mwanangu."

"Hamu haitoi choo cheusi."

Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Spasa alikuwa bado anabisha. "Kama nina kidonda, mbona siumwi?"

"Unakunywa nini?" Fanija aliuliza.

Nikajibu mimi. "Vichwa vya mpopi. Kila siku."

"Basi ndiyo sababu," alisema Fanija. "Afyuni inauziba mwili masikio. Asidi inaendelea kukila kidonda, ila wewe husikii. Tena inalichelewesha tumbo kufanya kazi, chakula na asidi vinakaa humo kwa muda mrefu. Umemfunga mbwa mdomo, na mwizi yumo ndani. Hata vidonge vya kodeini na mofini ni ndugu zake. Vinatuliza maumivu, lakini kidonda haviponyi."

Spasa akauliza, "Nitakufa kabla Rumena hajafika?"

"Ndiyo maana hatungoji kesho."

Hospitalini daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni mwa Spasa. Akakiona kidonda kinatoka damu, akakiziba. Spasa akaongezewa damu. Vipimo vikaonyesha bakteria, wale wadudu wasioonekana ambao ndio chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Akapewa dawa za kuwaua na vidonge vya kupunguza asidi.

"Zimalize zote, hata ukijiona mzima," daktari alisema. "Na ile chai ya mpopi, usiirudie. Mwili wako umeizoea, kwa hiyo kuiacha kutakusumbua. Tutakusaidia hapa, usihangaike peke yako."

Kweli ilimsumbua. Alitetemeka, pua ilimtiririka, usingizi ukamkimbia. Alilia jina la Rumena kana kwamba mtoto amezaliwa na kuchukuliwa siku ileile. Halafu mlango wa wodi ukafunguliwa, Rumena mwenyewe akaingia na mkoba begani. Spasa alimnusa nywele. Niligeukia dirishani.

Rumena alikaa naye mpaka mama yake alipotoka hospitali, kisha kazi ikamwita. Vichwa vya mpopi nilivitoa darini, nikavifukia kwenye shimo la samadi. Mbegu za mkate tunanunua dukani.

Krismasi yetu sisi Waorthodoksi, ile ya Januari, Rumena akaja tena. Daktari alikuwa amekwisha kumpima mama yake upya. Kidonda kilikuwa kimefunga, bakteria hawapo. Spasa alikula kabichi na nyama, akashiba, akalala usiku kucha.

Kisha likizo ikaisha. Tulimsindikiza kituoni, chupa za ajvari zimefungwa ndani ya sweta zake. Basi likaondoka. Nikamwona Spasa ameweka kiganja chini ya kifua, palepale. Nikamsogelea.

"Tumbo tena?"

"Tumbo limepona, mume wangu. Hii sasa ndiyo hamu yenyewe."

"Nikuchemshie nini?"

"Usichemshe kitu. Kaa nami hapa."

Nikakaa. Hata mimi wa moyo wa gogo, hamu ilikuwa inanichoma palepale.