Mabuti ya Shemasi

Swali liliingia katikati ya somo.

Haika alikuwa amesimama mbele ya kamera, katika studio ndogo huko St. Louis Park, Marekani, akiwafundisha Kiingereza wanafunzi waliokuwa Guangzhou na miji ya jirani. Kwao ilikuwa usiku, watu wameshakula. Hapa ilikuwa Jumamosi asubuhi, na theluji ilikuwa imefunika magari yote mtaani. Kila somo lilibeba neno moja la Kiingereza lenye maana mbili. Neno la leo lilikuwa seal.

"Maana ya kwanza, haibao," alisema kwa Kichina. "Sili, mnyama wa baharini. Mnene, ana masharubu, anapenda kulala juu ya barafu. Maana ya pili, fengtiao. Lakiri. Ule utepe unaofungwa kwenye mlango wa kontena ili mtu akifungua, ijulikane. Msihangaike kutafuta undugu wao, haupo. Tazameni maneno yaliyo jirani. Mkiona barafu na samaki, huyo ni mnyama. Mkiona mlango na mzigo, hiyo ni lakiri."

Nyuma yake ikatokea picha ya lakiri ya plastiki, ya njano, yenye namba. Picha hiyo aliichagua mwenye studio mwenyewe.

Ndipo mwanafunzi aliyejiita Mvua alipoandika: Mwalimu, lakiri ikikatwa inaweza kuungwa?

Haika akatabasamu kwa kamera. Mvua hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mkuu wake katika ofisi ya upelelezi, Dar es Salaam, na swali lile lilikuwa amri waliyokubaliana tangu mwanzo.

Mkamate leo.

"Haiwezi," Haika alijibu. "Ikishakatwa, imekatwa."

Mtu wa kukamatwa aliitwa Zachariah. Mkenya wa Lakeville, shemasi wa kanisa, mtu wa sauti laini na makumbatio mengi. Studio na masomo ya Kiingereza yalikuwa yake. Na biashara ya kupeleka makontena nyumbani ilikuwa yake pia. Kanisa lilijaza kontena kwa vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu na dawa zilizochangwa na waumini, wengi wao manesi. Kontena likafungwa lakiri, likaombewa, likaondoka.

Katika bandari ya njiani, mwenzake Zachariah alikuwa ameshatazama somo na kuijua namba ya kontena la kufungua. Alikata lakiri, akatoa dawa nzuri na kuziuza, akaingiza za bandia, kisha akafunga lakiri pacha yenye namba ileile. Mzigo ukafika Afrika Mashariki kama ulivyobarikiwa. Nani angeshuku sadaka ya kanisa?

Lakiri pacha aliipeleka Zachariah kwa mkono wake. Aliificha wapi, hakuna aliyejua. Uwanja wa ndege walishampekua mizigo safari zilizopita, wakakuta nguo na Biblia.

Mzigo mmoja ulifika Moshi.

Aikande, mdogo wake Haika, alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Kidonda kikaingia vijidudu. Wakamchoma antibayotiki asubuhi, wakamchoma jioni, na homa ikazidi kupanda. Alikufa akiuliza kama mtoto amelala. Kichupa kilipopimwa, ndani mlikuwa na chaki iliyosagwa.

Haika alibaki na kichupa kimoja. Alitembea nacho mfukoni mwa koti, pamoja na sindano. Bastola yake ilikuwa Dar, kwa sababu Wamarekani hawakumruhusu kubeba silaha kwao. Hakuona shida. Alimchukia Zachariah kwa chuki tulivu isiyo na haraka, na chuki ya namna hiyo haihitaji risasi.

Alishajua pa kutafuta. Siku za kawaida Zachariah alivaa viatu vyepesi, kama mtu anayetoka gereji ya kwake na kuingia gereji ya ofisi. Siku ya safari alivaa mabuti mazito ya theluji, ya Sorel, na hakuyavua hata akiwa studio, hata zulia lilipolowa tope. Leo asubuhi alipita na mabuti. Hakumwambia mtu kwamba anasafiri.

Haika akampigia simu Mama Bernardine.

"Shikamoo mama. Hivi unajua Shemasi anasafiri leo jioni?"

"Anasafiri? Bila kuombewa?" Mama Bernardine alikuwa nesi wa Kakamega aliyehamia New Hope, na katika nyumba yake hakuna aliyewahi kwenda airport bila maombi. "Wacha nimpigie sasa hivi. Atapitia hapa kwangu, apende asipende."

Zachariah angeweza kukataa polisi, siyo Mama Bernardine. Jina lote la Shemasi mjini lilisimama juu ya maombi kama hayo.

*

Saa nane mchana, magari yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani mbele ya nyumba ya New Hope, moja nyuma ya jingine, kama ilivyo kila Wakenya wanapokutana. Zachariah alifika mapema kuliko wote ili awahi kutoka. Gari lake, Highlander, lilikuwa ndani kabisa, karibu na gereji.

"Shemasi, viatu," Mama Bernardine alisema mlangoni.

"Mathe, mimi sikai. Dakika tano tu, nina flight."

"Hiyo carpet nimeiclean jana. Hata bishop alitoa viatu hapa."

Watu wakacheka. Zachariah naye akacheka, akainama, akafungua kamba polepole. Mabuti yake aliyaweka pembeni, mbali na rundo la viatu vingine, akayatazama kabla ya kuingia na soksi. Haika aliona yote kutoka kwenye kochi.

Maombi yaliongozwa na Pasta Marcel, Mkongomani. Haika alikuwa amemnong'oneza jambo moja: Shemasi anaogopa ndege, tafadhali amwombee kila kituo cha safari.

"Bandugu, tufunge macho," Pasta alisema. "Mungu, tunaweka frère, ndugu yetu, mu mikono yako. Tunaanza na route ya kwenda airport..."

Macho yakafumbwa. Sauti zikapanda.

Haika akainuka.

Ukumbi wa mlangoni ulinuka sufu iliyolowa. Alichutama, akavaa viatu vyake kwanza, kisha akaingiza vidole ndani ya buti la kulia na kunyanyua soli ya ndani. Hakuna kitu. Akachukua la kushoto.

Utepe wa njano. Namba ileile ya asubuhi.

"Ian," alinong'ona kwenye kinasa sauti kilichofichwa kolani. "Ninayo."

Ian alikuwa afisa wa forodha wa Marekani, ameketi kwenye van upande wa pili wa mtaa. Wazazi wake ni Wakenya wa Saint Paul. Kiswahili alikielewa chote, ila kujibu alijibu kwa lugha ya shuleni kwake.

"Copy. Moving."

"Mwalimu Haika."

Zachariah alikuwa amesimama nyuma yake. Yeye aliyewafumbisha watu macho miaka yote hakuwahi kuyafumba ya kwake.

Walitazamana. Sebuleni Pasta alikuwa ameshafika ukaguzi wa pasipoti.

"Sikia, tunaweza kuongea," Zachariah alisema chini chini. "Unataka nini?"

"Nataka uyavae."

Alimnyooshea mabuti. Zachariah akatazama mlango, akaona kivuli cha Ian kwenye kioo, akageuka. Alipita jikoni akiwa na simu sikioni kama mtu aliyepigiwa ghafla, na hakuna aliyefumbua jicho. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Haika hakukimbia. Alitoka taratibu na mabuti mkononi.

Highlander ilikuwa inanguruma, imewashwa kwa rimoti, ina joto tayari. Nyuma yake kulikuwa na RAV4. Nyuma ya RAV4, Sienna. Nyuma ya Sienna, gari la Pasta mwenyewe. Zachariah aliingia, akarudi nyuma mara moja, akagonga, akajua amezibwa. Angeingia ndani aulize nani ana RAV4?

Akakimbia kwa miguu, kupitia nyuma ya nyumba, kuelekea kidimbwi kilichoganda.

Baridi ya siku ile ilikuwa inauma hadi meno. Soksi zililowa kwenye theluji, zikaganda kwenye barafu. Haika aliona nyayo zake, halafu akaona kwamba upande wa kushoto una damu. Katikati ya kidimbwi kulikuwa na tundu la wavua samaki, kingo zake kali. Zachariah alikuwa ameketi kando yake, soksi moja imechanika, kisigino kimepasuka.

Haika alichuchumaa mbele yake.

"Kidonda kibaya hicho, Shemasi. Kitaingia vijidudu. Lakini una bahati, nina dawa."

Akatoa kichupa. Akakiinua ili Zachariah asome lebo yake.

Uso wa Zachariah ukabadilika.

"Umetoa wapi hiyo?"

"Ni sadaka yenu. Ilifika Moshi." Haika alichanganya unga na maji ya chupa yake ya kunywa, akavuta kwenye sindano. Alitamani kufanya hivyo tangu siku ya mazishi, na sasa mshipa wa mtu yule ulikuwa pale, chini ya ngozi iliyoingia baridi. Akamshika mkono, akasogeza ncha.

"Usinichome hiyo. Tafadhali, dadangu."

"Usiniite hivyo. Aliyeniita hivyo mlimchoma hii asubuhi na jioni. Kwa nini wewe usichomwe?"

"Si dawa hiyo! Ni chaki! Tuliweka chaki tupu, utaniua!"

"Uliweka wewe?"

"Mimi na mwenzangu. Kontena zote. Toa hiyo kitu, aki, toa."

Ncha ilikuwa bado juu ya ngozi. Aliuona uso wa Aikande, na midomo iliyokauka. Alitaka sana kusukuma.

Kisha akaimwaga sindano ndani ya tundu la barafu.

"Ian?"

"Got it. Every word." Hatua za Ian zilikuwa zinakuja juu ya barafu. Alimpiga Zachariah pingu, kisha akatazama miguu iliyokuwa imegeuka rangi. Kwa mara ya kwanza alijaribu Kiswahili. "Yeye... anaweza vaa viatu?"

"Niwekee kwa miguu tu," Zachariah alisema, meno yakigongana. "Ni vyangu."

Haika alitoa mfuko mkubwa wa plastiki, akatumbukiza mabuti pamoja na utepe wa njano, akaufunga vizuri juu.

"Ni ushahidi," alisema. "Haviguswi."

Akaushika mfuko kwapani na kurudi alikotoka, akifuata nyayo zake mwenyewe. Alipolikaribia dirisha la sebule, aliwasikia wote bado wamesimama. Pasta Marcel ndiyo kwanza alikuwa anaiombea ndege itue salama Amsterdam.

Haika aliongeza mwendo. Gari lake ndilo lililokuwa la mwisho barabarani, na hakuna aliyelizuia.