Mvuke Uliomchukua Mdogo Wangu

"Ni huyu hapa aliyeongeza mvuke. Mimi sikujua."

Jamani, aliyesema hivyo ni mume wangu wa ndoa... Mbele ya mabosi, mdogo wangu akiwa hajamaliza hata wiki kaburini.

Ngoja niwaeleze muelewe. Mafuta tunayochimba kwetu yameng'ang'ania mchanga huko chini, mazito kama lami. Mpaka upulize mvuke wa moto ardhini yalainike, ndipo yavutwe. Kuchemsha mvuke kunakula gesi, gesi inakula faida. Na ukizidisha presha, ardhi inavimba, inapasuka.

Mimi nakaa chumba cha mitambo, nasoma presha. Mume wangu ndiye msimamizi wa zamu. Bila ruhusa yake sigusi kitu.

Siku ile nilimwambia ardhi ya kisima cha mwisho imeinuka, tupunguze mvuke. Akagoma. Eti mafuta yakipoa, kuyapasha upya ni gesi ya miezi, na cheo alichoahidiwa kitaota mbawa.

Nikamwita mdogo wangu, aliyekuwa kazini pale kisimani, kwenye redio ya mawasiliano, aondoke haraka. Mume wangu akaninyang'anya redio.

"Bakia hapo, shemeji. Pako salama."

Akabaki. Alimwamini mno shemeji yake. Ardhi ikapasuka, mvuke ukamfunika. Nilimsikia akiita "Dada..." halafu kimya.

Sasa pale kikaoni mbele ya mabosi, wenzetu wote wana redio. Wote walisikia. Wote wakainamisha vichwa, kila mtu akilinda kibarua chake. Nikajua nimekwisha.

Mara mpishi wa kambi akasimama kule nyuma. Jikoni huwa anaacha redio wazi, ajue zamu gani inarudi apakue chakula. Mpishi huyo ni mama mkwe wangu. Huyo mwanamume kamzaa yeye.

"Mwanangu, sauti yako naijua tangu hujaota meno," alisema taratibu. "Ulimwambia mtoto wa watu abaki. Nilikusikia."

"Mama..." mume wangu akaita. Mabosi wakaita walinzi.

Walipomtoa nje, mama alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akaja kukaa kando yangu, tukalia. Mimi mdogo wangu, yeye mwanawe.

Ndugu zangu, ukisikia jambo, sema. Wale walionyamaza wote walikuja msibani, wakanikumbatia, wakanipa pole. Aliyenitetea ni mmoja tu, na ukweli ule ulimgharimu mtoto wake wa pekee.