Unyasi wa Katembo

Kila asubuhi ya likizo Kaswera aliamka mapema na kufagia uani kabla jua halijatokeza juu ya mlima. Kisha aliteka maji bombani, akakoka moto, akamwosha uso mdogo wake Katembo na kumpa uji. Katembo alikuwa na miaka mitano, na maswali yake yalikuwa mengi kuliko meno yake.

"Yaya," alimuuliza dada yake, "Mtoto Yesu anakunywa uji?"

"Kunywa wako kwanza."

Nyumba yao ilikuwa Bwera, si mbali na barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe. Mama yao, Sylvie, aliuza vitunguu sokoni. Baba yao, Philippe, alikuwa Katunguru akinunua samaki, na aliahidi kurudi siku ya mkesha wa Noeli. Nyumbani walibaki na bibi yao, Mama Blandine, ambaye wote walimwita Koko. Koko alikuwa mjane. Alivuka mpaka kutoka Butembo miaka mingi iliyopita na furushi moja la nguo, na ndani ya nguo hizo alikuwa amefunga sanamu ndogo ya Mtoto Yesu, ndefu kama kidole. Marehemu mume wake aliichonga kwa mti wa kahawa.

Kila Desemba familia hiyo ilitengeneza kwa mikono yao pango la Noeli, mfano wa mahali alipozaliwa Yesu. Koko alisuka kibanda kwa maganda makavu ya mgomba. Kaswera alimshonea Bikira Maria kitenge kutokana na kipande cha gauni kuukuu la mama. Katembo alipewa pamba atengeneze kondoo. Kondoo wake mmoja alikuwa na miguu mitatu, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Nyota waliikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia. Wote waliwekwa juu ya sanduku la mbao sebuleni, isipokuwa Mtoto Yesu. Yeye alibaki ndani ya kopo la maziwa, amefungwa kitambaa cha ubatizo, hadi jioni ya mkesha. Jioni hiyo, mdogo kuliko wote nyumbani anayeweza kumbeba bila kumwangusha ndiye aliyemtoa na kumlaza katika hori, kile kisanduku cha kulishia ng'ombe. Zamani alikuwa Kaswera. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, angekuwa Katembo.

Hori lilianza likiwa tupu. Kando yake, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za pale, Koko aliweka kikapu cha nyasi kavu alizokata mwenyewe.

"Musikilize," aliwaambia siku ya kwanza. "Kila mutu akitenda jambo moja ya muzuri, atwae unyasi moja aweke mu hori. Moja tu. Hatutaulizana nani alifanya nini. Mungu iko anaona."

Katembo hakuweza kabisa kutunza siri. Kila alipoweka unyasi alipiga kelele: "Nimeokota maharagwe ya Koko! Yote!" Kaswera aliweka zake kimya. Siku alipombebea maji bibi kizee jirani, Mama Vasta, aliweka unyasi mmoja na kulala akiwa na furaha moyoni.

Tarehe ishirini na mbili, Koko alikwenda kanisani kusali rozari. Mama alikuwa sokoni. Medius, rafiki wa Kaswera wa darasa la sita, alipita akitoka bombani, akatua ndoo yake mlangoni na kuingia kuona pango.

"Weee! Hori lenu ndilo hili?" aliinama akacheka. "Nyasi hizi hata kuku hawezi kutaga juu yake."

"Bado kuna siku mbili," Kaswera alisema.

"Siku mbili! Kwetu lilijaa zamani, mpaka linamwagika. Keshokutwa asubuhi watoto wote wa katekisimu watapita kuona mapango. Mtawaambiaje? Kwamba nyumba hii ina watu wabaya?"

Medius alisema kwa utani, akajitwisha ndoo yake na kwenda zake akiimba. Lakini Kaswera alibaki akiliangalia hori. Aliwaona watoto wa katekisimu wamejaa mlangoni, wakinong'onezana na kucheka. Alisikiliza. Nje hapakuwa na mtu. Akaingiza mkono kikapuni, akatoa konzi ya nyasi, akaiweka katika hori. Kisha konzi nyingine. Hori likajaa, likapendeza. "Siyo wizi," alijiambia. "Nyasi ni zetu."

Hakuwa amemaliza kujifuta mikono Katembo alipoingia mbio, jasho likimtiririka.

"Yaya! Tabisa ameacha kulia!"

Tabisa alikuwa mtoto wa miaka minne. Wazazi wake walikuwa wamevuka mpaka wiki iliyopita wakikimbia vita, na walihifadhiwa nyumba ya pili. Tangu walipofika, mtoto huyo alikuwa akilia mchana kutwa.

"Umemfanyia nini?"

"Nimemupa motokari yangu."

Kaswera alimtazama. Lilikuwa gari la waya ambalo baba yao alilitengeneza, na magurudumu yake yalikatwa kutoka kwenye ndala kuukuu. Katembo alilala nalo kila usiku.

"Umemwazima?"

"Nimemupa kabisa. Haitarudi." Katembo alijifuta jasho usoni. "Sasa nataka unyasi yangu."

Alichagua mmoja kikapuni, akapanda juu ya kigoda. Akasimama pale, unyasi mkononi, akilikagua hori.

"Yaya, imejaa."

"Ndiyo. Imejaa."

"Na yangu itaenda wapi?"

Kaswera alihisi uso wake ukiwaka moto. "Utaweka mwaka ujao," alisema haraka, akatoka kwenda kuangalia maharagwe jikoni. Alikuwa akikoroga tu aliposikia kitu kikivunjika sebuleni.

Katembo alikuwa amejaribu kusukuma unyasi wake ndani kwa mikono miwili. Ubavu mzima wa hori ulipasuka, na nyasi zilitawanyika juu ya Bikira Maria na kondoo. Na kwa bahati mbaya, mama alikuwa akiingia wakati huohuo, amechoka, na gunia tupu begani.

"Katembo! Nilikuambia mara ngapi usishike pango bila mtu mkubwa?"

"Mama, ilikuwa imejaa, na mimi..."

"Usinijibu! Huwezi kushika vitu vya Mungu kwa adabu. Mwaka huu si wewe utakayemweka Mtoto Yesu. Kaswera ndiye atakayemweka."

Katembo aliokota unyasi wake, akaufumbata kiganjani. Kaswera alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha. Hakulisema.

Koko aliporudi alilitazama hori lililovunjika. Kisha alikitazama kikapu, ambacho sasa kilikaribia kuwa kitupu. Akakisogeza ukutani. Usiku Katembo alilala upande ule aliozoea kulala na gari lake, na mkononi alishika unyasi wake. Kaswera alimsikia akilia chini ya blanketi, polepole, kama mtu asiyetaka kusikika.

Kesho yake baada ya chai Koko alimwita.

"Kaswera, kuja hapa. Tutasuka hori ingine."

Walikaa mkekani sebuleni. Koko alilowesha maganda ya mgomba ili yalainike, akayapasua, akasuka. Kaswera alimpa nyuzi. Hori jipya lilipokwisha, Koko alilisogeza mbele yake, pamoja na lile lililovunjika.

"Sasa hamisha nyasi. Moja moja, usikimbie. Za mutoto uweke chini kabisa, maana yeye alifanya nyingi kutushinda."

Kaswera alichukua unyasi wa kwanza. Huu ulikuwa wa maharagwe aliyookota Katembo? Au wa siku ile alipompisha Koko karibu na moto? Akaweka chini, akachukua mwingine. Huu labda ulikuwa wake mwenyewe, wa maji ya Mama Vasta. Au ulikuwa mmoja wa zile za jana, zisizo za mtu yeyote. Aligeuza mmoja, akageuza mwingine. Mikono yake ikasimama.

"Koko, siwezi."

"Inakushinda nini? Nyasi tu."

"Zote zinafanana. Sijui za kweli ni zipi." Machozi yalianza kudondoka juu ya mkeka. "Nilijaza mimi, Koko. Jana, hamkuwapo. Nilichota kwa mkono. Katembo alimpa Tabisa gari lake, akakosa nafasi. Ndiyo maana alisukuma. Ni mimi niliyevunja."

Koko aliendelea kukunja uzi wake. "Nilijua tangu jana. Kikapu niliiacha nusu, nikarudi nikakuta chini inaonekana."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, wewe ungelia kwa haya tu. Nilitaka itoke kwako." Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Mimi umeniambia, asante. Lakini si mimi nililia usiku."

Kaswera alielewa. Aliinuka akatoka. Mama alikuwa uani akifunga vitunguu mafungu mafungu, na Katembo alikaa peke yake kwenye jiwe la kufulia. Kaswera alisimama mbele yao akaeleza yote, tangu maneno ya Medius hadi mwiko mlangoni.

Mama aliacha kufunga. "Ulinisikia nikimwadhibu mtoto, ukanyamaza?"

"Niliogopa, mama. Tena..." Kaswera alimtazama Katembo. "Tena nilifurahi kidogo kwamba nitamweka mimi."

Mama aliweka fungu la vitunguu chini. Kisha alinyoosha mikono. "Katembo, kuja, papa, mtoto wangu. Mama alikukosea. Ulitaka kunieleza, nikakukatiza. Unisamehe."

Katembo alikubali kukumbatiwa, lakini akili yake ilikuwa mbali.

"Mama, sasa hori iko na nafasi?"

Hata Kaswera alicheka katikati ya machozi yake.

"Iko nafasi tele," Koko alijibu kutoka mlangoni.

Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzitenganisha nyasi za kweli na za uongo, Koko alizikusanya zote, akazipeleka katika kiota cha kuku. Hori jipya likawekwa pangoni likiwa tupu. Katembo alipanda kigodani, akaweka unyasi wake, ambao sasa ulikuwa umekunjamana kwa kulaliwa. "Ni ya motokari," alitangaza, kama kawaida yake. Koko alimpa Kaswera mmoja.

"Mimi sistahili, Koko."

"Kusema vile ilikuwa nzito. Nimekuona. Weka."

Asubuhi ya mkesha watoto wa katekisimu walifika wakiimba. Hori lilikuwa na nyasi sita tu, zile mbili na nne walizoongeza kwa matendo mengine tangu jana. Medius alichungulia, akakodoa macho.

"Kaswera! Juzi zilikuwa nyingi kuliko hizi! Zimeliwa na panya?"

Kaswera alihisi tena ule moto usoni. Lakini safari hii hakukimbilia jikoni. "Nililijaza hori kwa uongo, tukazitoa zote. Hizi sita ni za kweli."

Watoto walitazamana. Medius alijikuna shingo.

"Basi afadhali ninyi," alisema kwa sauti ndogo. "Zetu kaka yangu Nobert alizitoa ndani ya godoro."

Kicheko kilichofuata kilimwamsha hata Koko aliyekuwa akisinzia kwenye kiti.

Jioni, kabla ya misa, baba alikuwa amerudi na samaki wake, na nyumba nzima ilinukia. Wote walipiga magoti. Koko alifungua kopo la maziwa, akafungua kitambaa cha ubatizo, akamweka Mtoto Yesu katika viganja vya Katembo. Katembo alipanda kigodani taratibu, akipumua kwa nguvu.

"Yaya, unishike nisianguke."

Kaswera alimshika kiunoni. Katembo alimlaza Mtoto juu ya zile nyasi chache, akazisogeza kwa kidole zimfunike miguu. Kisha akageuka kwa wasiwasi.

"Koko, nyasi kidogo hivi, hatasikia baridi?"

"Hapana, mutoto wangu," Koko alisema. Akawaangalia wote, na hasa Kaswera, kwa macho ya upole. "Wema wa uongo, hata ukijaza hori, haumupi mutu joto. Unapendeza wageni, halafu unachukua nafasi ya mwenye kutenda kweli. Lakini unyasi moja ya kweli, hata ikunjamane namna ile ya Katembo, Mungu anaipokea na anaitandika. Na mutu akikosea, aseme mwenyewe mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yake. Mumesikia?"

"Tumesikia, Koko," watoto walijibu pamoja.

Nje kengele ya kanisa ilianza kulia. Mama alimvalisha Katembo sweta. Baba alipomuuliza gari lake la waya liko wapi, Katembo aliinua mabega.

"Iko kwa Tabisa. Baba, uko na waya ingine?"

"Ipo."

"Basi Yaya Kaswera atakusaidia," alisema, akamshika dada yake mkono wakatoka.