Dawa Isiyonukia

Kibanda cha manukato kilitazamana na mfereji wa maji machafu. Mwenyewe hakupachagua, ndipo alipopata. Watu wa soko walimwita Pua, maana ukimpa kitambaa akinuse atakwambia kilikaa kabatini kwa nani.

Siku moja soko limefurika, wachuuzi wananadi hadi sauti zinakauka, Pua alimwona mwanamke ameinama juu ya mfereji ule. Gauni la zambarau, hereni ndefu, mabuti ya mpira. Alikuwa anachota uchafu kwa chupa, taratibu, kama anayechota maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

"Dada, umekosea duka," Pua alimwita. "Manukato yako huku."

Mwanamke alifunga chupa kwanza, ndipo akageuka. "Yako yanaua bakteria sugu?"

"Yangu yanaua wanaume."

"Hao siwahitaji kwa leo."

Pua alicheka mpaka akasahau mteja. Mwanamke akamweleza kwamba humo mferejini kuna virusi wadogo mno wanaowinda bakteria. Kirusi huingia ndani ya bakteria, huzaliana humo, na kikitaka kutoka hutengeneza kimeng'enya cha kubomolea ukuta wa bakteria huyo. Maabara kwao walikichukua kimeng'enya hicho peke yake, wakawapaka bakteria waliokwisha kuzizoea antibiotiki, nao wakapasuka.

"Kwa hiyo mwizi mnamwacha, mnabaki na shoka lake," Pua alisema.

"Umeelewa kuliko mkuu wangu wa idara."

Tangu siku hiyo Pua akamwita Malkia wa Mfereji. Akitoka kazini alipitia kibandani, wakakaa kwenye benchi moja hadi taa za soko zinawashwa. Pua alipenda kumshika mkono na kuunusa. Chini ya sabuni vidole vyake vilibaki na harufu nzito kidogo, ya supu iliyolala. Hata ndotoni ilimjia, akaamka anatabasamu peke yake. Wauza mboga walicheka wakasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Nyumbani, lakini, mama yake Pua alikuwa na kidonda cha mguu kisichosikia dawa. Antibiotiki zilibadilishwa moja baada ya nyingine, zote zikagonga mwamba. Kidonda kilinuka, na kwa mwenye pua ile ilikuwa adhabu kuingia chumbani huku anatabasamu. Daktari akasema kisipopoa, mguu utakatwa chini ya goti.

Hospitali ilikuwa inaijaribu dawa ya kimeng'enya, jeli ya kupaka. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa yenyewe, nusu jeli tupu, na mpaka mwisho wa majaribio hakuna wa kujua nani kapata ipi: si mgonjwa, si nesi, si watu wa maabara. Mama alikubali kuingia.

"Mpenzi," Malkia alimwambia Pua, "kuanzia leo habari za kopo la jeli la mama usiniulize."

"Nitakuuliza habari za macho yako tu."

Alisema hivyo kwa wepesi. Siku chache baadaye akalifungua kopo, akanusa. Hakusikia kitu. Akanusa tena, macho kayafumba. Ile harufu ya vidole vya mpenzi wake, aliyoamini ni ya dawa, haikuwemo kabisa. 

Akapiga simu. "Mama yangu mnampaka maji."

"Nani kakwambia?"

"Nimejua tu. Wewe ulikuwa unajua?"

"Sijui. Na hata ningejua, nisingekwambia."

Neno hilo la mwisho lilimchoma. Akakata simu, akalichukua kopo, akalificha kibandani nyuma ya chupa za waridi. Malkia alipiga, hakupokea. Akaja kuchota maji, naye Pua akajifanya anapanga chupa. Gauni la zambarau likapita. Kibanda kizima kilinukia waridi, na bado akahisi kuna harufu inakosekana.

Aliyekata mzizi wa fitina ni mama. Aliichukua simu ya mwanawe, akampigia Malkia mwenyewe.

"Mkwe, njoo. Huyu amenificha dawa, na sababu haisemi."

Malkia alifika na mabuti yake. Mama alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. "Haya, semeni mbele yangu."

Pua akalitoa mfukoni kopo alilokwenda kulichukua kibandani. "Halinuki, mama. Dawa naijua, huyu vidole vyake vinanukia."

Malkia alimkazia macho, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka machozi. "Ile ni harufu ya mchuzi tunaowalisha bakteria! Kimeng'enya kikishasafishwa hakinuki. Na jeli tupu nayo hainuki. Hapa pua yako haijui kitu, na mimi pia sijui."

"Kwa hiyo huenda ni jeli tupu kweli?" mama aliuliza.

Malkia alitazama ule mguu. "Huenda, mama."

Kisha mama akaunyoosha mguu.

"Wote walioniwekea dawa waliniambia nitapona. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia huenda. Mwanangu, mpigie nesi, mwambie ulichofanya. Akiruhusu, nipake."

Nesi alimgombeza Pua sana, akaandika siku zilizorukwa, akaruhusu. Ikawa kazi ya Pua. Alipaka kila siku bila kujua anapaka nini, na jambo hilo lilimnyenyekeza. Alimwomba Malkia msamaha kwenye benchi lao, akasamehewa, ingawa kwa muda mrefu hakuruhusiwa kunusa mkono.

Asubuhi moja ya mvua alifungua bendeji, akainama kama kawaida yake, pumzi kaizuia. Kisha akaiachia. Akavuta hewa mara moja, mara mbili. Nyama ilikuwa nyekundu, safi.

Akampigia Malkia. "Nimenusa kidonda cha mama."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hakinuki kabisa!"

Upande wa pili ilisikika kwikwi ya kilio. "Hayo mwambie nesi, mpenzi. Mimi siruhusiwi."

"Nesi nitamwambia. Wewe nakwambia kama mke."

"Mke wa nani?"

"Ndilo ninalokuuliza."