Amri Iliyoitikiwa

Mashine ilipaswa kulalamika mara mbili. Ililalamika mara moja.

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa kazini tangu jana asubuhi na hakuwa na nguvu za kushangaa. Faili lake la bechi, yaani amri zilizopangwa ziendeshwe zenyewe, lilikuwa na kazi moja: kuiita PowerShell, programu nyingine ya amri, ichapishe orodha ya vichanga kutoka folda ya Mama & Mtoto. Jina la folda alilizungushia nukuu moja moja. PowerShell huziheshimu, faili la bechi halizijali. Likifika kwenye & huikata amri vipande viwili, cha kwanza hulalamikiwa kwa kukosa nukuu ya kufungia, na kipande cha pili hukiita kama amri kamili.

Kwa hiyo lilimwita Mtoto. Mashine ilitakiwa kujibu kwamba haimjui. Ilinyamaza, na printa ikaanza kutoa karatasi.

Sista wa wodi ya wazazi alikuja nayo mkononi. "Fundi, vichanga ni kumi na mmoja. Hapa wapo kumi na wawili."

"Mashine imechoka, sista."

"Imechoka yenyewe au umechoka wewe? Huyu wa mwisho hana mama."

Sista alipofungua mlango kutoka, harufu ya nywele zilizoungua iliingia. Dada yake fundi alikuwa wodini humo, amejifungua juzi. Fundi akampigia simu fundi mstaafu aliyemfunza kazi.

"Umeita, na kuna aliyeitika," mstaafu alinong'ona.

"Nani, kaka?"

"Usimuulize. Weka alama ya ^ kabla ya &, amri isikatike. Endesha tena. Atakayekosekana kwenye orodha, ndiye aliyeondoka."

Aliweka alama hiyo, akaendesha, na karatasi ilipotoka akahesabu majina kumi na moja, akashusha pumzi, akahesabu tena huku akitembea kuelekea wodini, na harufu haikupungua bali ilizidi kila hatua, mpaka mlangoni alipoona kwamba mstari usio na mama ungali pale chini, na uliotoweka ni wa mtoto wa dada yake.

"Sasa hesabu imekubali," sista alisema akichungulia karatasi, akamwachia njia.

Dada yake alikuwa kitandani, ananyonyesha.

"Mjomba kaja," alikiambia kichanga. "Msalimie mjomba."

Kichanga cha siku mbili kiliacha ziwa, kikageuza shingo, kikamtazama.