Moshi wa Ijumaa Chumbani kwa Babu Metwali

Kila siku kabla ya shule Rawia alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia bata, kumtupia majani nyati wao wa maziwa, na kumsimamia babu yake Metwali avute dawa ya kifua kutoka kwenye kopo lake la kupuliza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Kikohozi cha babu hakikuwa na hodi. Kilimrukia kama mbwa mkali, kikamkunja kitandani, kikamtikisa mpaka kofia ikadondoka. Kilipomwachia, jasho lilimchuruzika kama mtu aliyetoka kupigana mieleka akashindwa.

"Tikisa kwanza, babu. Toa pumzi yote. Haya, sasa vuta polepole."

"Vuta, vuta! Nimekuwa kiko mimi?" babu alinung'unika, lakini alivuta.

Daktari Inas wa kituo cha afya alikuwa amewaambia wazi: tumbaku ya miaka arobaini imeyachakaza mapafu ya mzee, na hayatarudi kuwa mapya. Kisha akamgeukia Rawia, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. "Wewe unajua kuandika. Babu akizidiwa, andika siku, na uandike kabla yake kulikuwa na nini. Kuna vitu vinamchokoza. Nitafutie." Rawia akaanza kuandika nyuma ya daftari lake la hesabu.

Nyumbani hakuna aliyeona haja ya daftari. Mchokozi alijulikana. Alikuwa Umm Zaki, mjane wa nyumba ya pili. Wakati wa kuvuna mpunga mwaka uliopita alimwona mzee amebeba mzigo begani, akasema, "Huyu babu ana nguvu kama ngamia!" Hakusema mashallah. Wiki ile ile babu akaanguka kwa kifua.

"Jicho lake ni kisu," alisema Bibi Hanim, mke wa babu.

Basi kila Ijumaa, wanaume wakienda msikitini, Bibi Hanim alikata mwanasesere wa karatasi, akamchoma sindano huku akitaja jicho la Umm Zaki, akamtupa kwenye chetezo juu ya makaa, pamoja na ubani, chumvi na shabu. Mlango ulifungwa, dirisha likafungwa, ili baraka isitoke. Akakizungusha chetezo kichwani kwa babu mara saba. Babu akakohoa macho yakamtoka.

"Kohoa, mzee wangu, kohoa! Linatoka hilo jicho!"

Ijumaa moja ya Oktoba, wakati mashambani wanachoma mabua ya mpunga na mbingu yote imekuwa nyeusi kama sufuria, babu hakukohoa tu. Alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, mabega yakapanda, nyama ya shingo ikawa inazama ndani kila akivuta hewa. Midomo yake ikageuka rangi ya biringani.

Rawia alimpa dawa. Haikusaidia. Akafungua dirisha, moshi wa mashambani ukaingia kuukuta wa chumbani.

Ndipo ami yake Shawki aliporudi kutoka msikitini, sigara mdomoni. Alikuwa mtu wa hasira za karibu; wiki iliyopita tu alirusha tofali likavunja tundu la njiwa wa Umm Zaki. Alimtazama baba yake, akatema sigara chini.

"Leo nitalitoboa hilo jicho," akasema. Akachukua gongo lake nyuma ya mlango, akatoka.

"Ami, tumpeleke kwanza kwa daktari!" Rawia alipiga kelele. Hakuna aliyemsikia.

Rawia alipomkimbilia hadi uchochoroni, mlango wa Umm Zaki ulikuwa umeshapigwa mateke mpaka bawaba moja imeng'oka. Zaki, mtoto wa yule mjane, alitoka na koleo mkononi. Alikuwa kijana wa bajaji, mwembamba lakini mwepesi.

"Una wazimu, Shawki?"

"Mwite mama yako mchawi atoke!"

"Mchawi ni aliyekuzaa!"

Gongo likashuka. Zaki alikwepa la kwanza, la pili likampasua juu ya nyusi, damu ikamfunika jicho. Akajibu kwa koleo, likampata Shawki ubavuni, pah! Wakashikana, wakaanguka matopeni, wakang'atana kama wanyama. Watoto walipanda ukutani. Wakubwa wengine walisogea, si kuamua, bali kuchagua upande.

Shawki alijinasua, akainua gongo kwa mikono yote miwili. Rawia hakufikiri. Alijitupa katikati. Gongo lilimshukia begani, mkono mzima ukafa ganzi, akapiga magoti.

"Babu anakufa!" alilia. "Nyinyi mnapigana, na babu anakufa!"

Wa kwanza kusogea alikuwa Umm Zaki, aliyekuwa amejificha ndani.

"Zaki, washa bajaji."

"Mama, kichwa kinavuja damu!"

"Kinavuja damu, lakini kinapumua. Washa!"

Walimpakia babu akiwa ameketi, ameinamia mbele, maana kulala kulimkaba zaidi. Upande mmoja alishikwa na Shawki, upande wa pili na Umm Zaki, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Zaki aliendesha kwa jicho moja, Rawia amejibana kando yake.

Kituoni walimwekea oksijeni. Saa nzima walisikiliza mashine tu. Kisha rangi ya biringani ikaanza kutoka mdomoni. Daktari alimshona Zaki, akamfunga Rawia bega, halafu akanyoosha mkono. "Daftari liko wapi?"

Zaki alikwenda nyumbani kwao kulichukua, akarudi nalo pamoja na Bibi Hanim. Rawia akasoma. "Ijumaa, chetezo. Jumatatu, bibi amewasha tanuri la mkate, babu alikaa karibu. Ijumaa, chetezo. Jumatano, Ami alivuta sigara chumbani. Ijumaa, chetezo, na mabua yanachomwa."

"Na jicho je?" Shawki aliuliza, mkono ubavuni.

Rawia aligeuza ukurasa. "Mwezi uliopita Umm Zaki alikuwa mjini Tanta kwa binti yake wiki mbili, Ami. Hakuwepo kijijini. Ijumaa zote mbili babu alizidiwa."

Bibi Hanim alijifunika uso kwa mtandio. "Mimi nilidhani jicho linatoka," alinong'ona. "Kumbe nilikuwa namkaba kwa mkono wangu."

"Ulimpenda kwa njia mbaya, mama," alisema Daktari Inas. "Kwa mapafu kama haya moshi ni moshi, uwe wa ubani, wa sigara, wa tanuri au wa mabua. Vumbi pia, na mafua ya wageni. Siku za kuchoma mabua funga madirisha tangu asubuhi, mzee asitoke. Siku nyingine chumba kipate hewa. Na asiyeacha sigara akavutie shambani."

Shawki alisimama. Alimwendea Umm Zaki, akainama mbele za watu, akambusu kichwa. "Nihukumu utakavyo, mama yangu."

"Nitakuhukumu mlango mpya," alisema Umm Zaki. "Na tundu la njiwa. Kwa mikono yako mwenyewe, hata ubavu ukuume."

"Utaniuma kweli," Shawki alisema, na Zaki akacheka mpaka mshono ukamvuta.

Tangu hapo, Bibi Hanim akiwasha tanuri, babu Metwali huhamia kwa Umm Zaki, barazani penye hewa safi, wakicheza dama na kusingiziana wizi wa kete.

Jumatatu ya kwanza, Rawia alipomsindikiza hadi mlangoni, Bibi Hanim aliwatazama kwa mbali, mikono imejaa unga.

"Mjukuu wangu," alimwambia Rawia aliporudi, "mgonjwa akizidiwa, anza kupekua ndani ya nyumba yako. Mimi nilipekua moyo wa jirani, na mtu akapasuliwa kichwa bure."